Nilitangaza Kifo cha Mama Yangu Akiwa Hai

Ndugu wasomaji, nina umri wa miaka thelathini na minane. Nimezaliwa Ngenge, wilayani Muleba, na kazi yangu ni kupiga gitaa. Jina langu la ubatizo naomba nilifiche. Nyumbani na mjini Bukoba wananiita Dedi, nanyi niiteni hivyo hivyo.

Naandika haya nikiwa chumbani kwangu Kashai, mlango nimeufunga mchana kweupe. Kuna watu mtaani hapa wakiniona napita bado wanacheka... na wana haki ya kucheka! Mimi mwenyewe ningesikia habari hii ya mtu mwingine ningecheka hadi mbavu ziume. Lakini ni habari yangu, na mama yangu hayupo tena.

Nilianza gitaa nikiwa na miaka kumi na miwili, kwenye kwaya ya parokia. Lilikuwa gitaa bovu lenye nyuzi nne, ila kwangu lilikuwa dunia nzima. Baba alishafariki. Mama, ambaye majirani wote walimwita Ma Adelina, alinilea mimi na dada yangu Koku kwa kahawa na migomba ya kibanja chetu, shamba linaloizunguka nyumba. Jioni nikifanya mazoezi alikuwa akimenya ndizi nje na kunitania, eti gitaa langu linalia kama mbuzi aliyefungiwa ndani. Halafu akisikia nimenyamaza ananiuliza mbona nimeacha.

Nikiwa kijana nilikwenda Kemondo kubeba mizigo bandarini. Huko nilikutana na fundi mmoja wa injini za boti aliyekuwa na kaseti za roki. Wasomaji wangu, siku niliyosikia gitaa la roki likiunguruma sikula! Nilikaa pale kwenye karakana yake hadi akanifukuza. Tangu siku ile nilijua ninataka kuwa nani.

Bukoba nilipokelewa na Mwalimu Projestus, mwalimu wa kwaya pale Kashai. Huyu mtu, Mungu ampe maisha marefu, hakunijua hata kidogo. Alinisikia napiga wimbo mmoja tu akasema nisitafute chumba, nikae kwake. Nilikaa miaka miwili nikila kwenye sahani zake. Mke wake alinifulia hadi mashati.

Na kweli nilikuwa hodari, siwezi kujishusha hata kwa aibu hii. Ijumaa nilipiga taarabu kwenye harusi za Waislamu wa mjini. Jumamosi nilipiga roki na bendi yetu kwenye hoteli za ufukweni, Jumapili asubuhi niko kanisani napiga polepole hadi wazee wanafuta machozi. Rumba nilipiga, na hata nyimbo za kishujaa ambazo wazee wetu huziimba kwa enanga, ala yetu ya nyuzi ya asili, nilizihamishia kwenye gitaa la umeme, watu wakashangaa. Kila aliyenisikia alidhani mimi ni wa kwake. Mashehe walidhani hivyo, mapadri walidhani hivyo, na vijana wenye fulana nyeusi ndio usiseme.

Ubaya ni kwamba niliizoea tabia hiyo hata nikiwa sina gitaa mkononi. Kila mtu nilimwambia anachotaka kusikia. Ndiyo, nitakuja. Ndiyo, niko njiani. Neno hapana lilinishinda kabisa kulitamka... Basi siku moja likanibidi.

Kwaya ya Mwalimu Projestus ilikuwa irekodi nyimbo zake kwa mara ya kwanza. Walifanya mazoezi kwa miezi mingi, wengine wakitoka makazini wamechoka, na nyimbo zote mpangilio wa gitaa ulikuwa wangu. Siku ikapangwa Jumamosi. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo bendi yangu ya roki ikaitwa Mwanza kupiga kwenye tamasha kubwa, Jumamosi hiyo hiyo! Tulikuwa tumeisubiri nafasi kama ile kwa miaka.

Ningefanyaje? Mtu mwenye akili angekwenda kwa Mwalimu, angekaa chini, angesema Mwalimu nisamehe, tusogeze siku. Angenielewa. Najua angenielewa! Lakini nilimwonea haya. Nikatafuta sababu ambayo hakuna mtu anayeweza kuipinga.

Ijumaa asubuhi, nikiwa tayari kwenye basi la Mwanza, nilimwandikia ujumbe. Mwalimu, mama yangu amefariki alfajiri hii, nakwenda Ngenge. Kisha nikazima simu.

Basi lilipofika Muleba niligeuza uso nisiione barabara ya kwetu. Nilijiambia mama hatajua. Nani atamwambia? Ngenge ni mbali, na kwaya wangenitumia rambirambi tu nikirudi. Mjinga mimi! Mtoto wa Kihaya nilisahau watu wetu walivyo kwenye msiba.

Kwetu mtu akiambiwa msiba hapigi simu kuuliza kama ni kweli. Ni sawa na kumtukana mfiwa. Anakwenda. Mwalimu alitangaza habari ile baada ya misa ya asubuhi, na kurekodi kukaahirishwa bila hata mtu mmoja kunung'unika. Kufikia saa nne walikuwa wamekodi basi dogo, Kosta. Walipakia mikungu ya ndizi, kuni, sukari na mikeka, watu ishirini na kitu, wakaanza safari ya kwenda kumzika mama wa mpiga gitaa wao.

Haya yafuatayo niliyasikia kwa Koku, ambaye alikuwepo.

Ilikuwa alasiri. Mama alikuwa uani anaanika buni. Kosta ikasimama pale njia inapoingia kibanjani, wanawake wakashuka, na kama desturi ilivyo wakaanza kulia kwa sauti tangu mbali, wakiita mama kwa Kihaya. Mawe weee! Mawe weee! Majirani waliposikia kilio hawakuuliza. Kwetu ukisikia kilio unatupa jembe unakimbia, maswali baadaye. Kwa muda mfupi tu uwanja wetu ukajaa watu wanaolia, na wengi wao hawakujua wanamlilia nani.

Mama aliona wageni wa mjini, wamevaa vitenge vya sare ya kwaya, wanakuja kwake wakilia. Alijua kwaya moja tu ya Bukoba, ile ya mwanawe. Unadhani aliwaza nini?

Alidhani wamenileta mimi.

Alipiga yowe moja, Koku anasema hajawahi kulisikia la namna ile, akakimbilia kwenye Kosta. Alipanda ndani. Akawa anainama chini ya kiti hiki, chini ya kiti kile, anatafuta jeneza langu! Wanakwaya walidhani ni ndugu wa marehemu amezidiwa na uchungu. Wakamfuata, wakamkumbatia, wakampa pole. Alipowauliza mwanawe Dedi yuko wapi, Mwalimu Projestus alimshika mkono akamjibu kwa upole.

“Si yuko hapa, mama? Alitangulia tangu asubuhi kuja kumzika mama yake.”

“Mama yake ni mimi, waitu,” mama akasema.

Koku anasema kilio kilikatika chote kwa mara moja. Kuku tu ndio waliosikika. Halafu mama akaanguka palepale kwenye ngazi ya gari.

Ilikuwa presha. Kosta ile iliyokuja kumzika ndiyo iliyomkimbiza kituo cha afya. Jioni alirejeshewa nguvu, akarudi nyumbani akiwa amekaa kati ya wanawake wawili wa kwaya. Na kwa kuwa kitu kilicholetwa msibani hakirudishwi, zile ndizi zilipikwa, zikaliwa. Mama alikaa kwenye mkeka wa matanga yake mwenyewe akila ndizi za maziko yake. Vijana wakapiga picha. Siku iliyofuata picha zilikuwa zimezagaa kwenye makundi ya simu toka Muleba hadi Bukoba.

Na mimi? Jumamosi ile nilipiga gitaa Mwanza vizuri kuliko nilivyowahi kupiga maishani. Watu walipiga kelele, wakanibeba mabegani! Jumapili asubuhi nikawasha simu. Ujumbe ulikuwa mwingi hadi simu ikakwama. Wa kwanza niliousoma ulikuwa wa Koku.

“Mama mzima. Wewe je?”

Niliketi kwenye ukingo wa kitanda cha gesti nikausoma wote, mmoja mmoja. Niliporudi Bukoba nilikwenda kwa Mwalimu usiku usiku kama mwizi, kwa kuogopa kuonwa. Hakunigombeza. Afadhali angenipiga! Alisema tu kwamba mama yangu ni mtu mwema sana, kwamba kwaya wamekubaliana watarudi kumtazama, na kwamba anayestahili kuombwa radhi si yeye.

Wazee wa ukoo nao walikuwa wameshakaa. Msemaji wao ni baba yangu mdogo, Ta Kaijage. Waliamua kwamba mtu aliyeuweka msiba ndiye atakayeuondoa. Niende Ngenge, watu wote walioacha kazi zao siku ile waitwe, nisimame mbele yao na mbele ya mama, niseme kwa kinywa changu kwamba nilidanganya, mama yangu yu hai. Kisha tule, tunywe rubisi, pombe yetu ya ndizi, yaishe. Hapakuwa na faini wala kipigo. Dakika tano tu za kusimama!

Mama alinipigia mwenyewe.

“Mwana wange, sina hasira,” alisema. “Njoo tu useme. Huku wananiamkia marehemu.”

Nikamwambia nitakuja Jumamosi.

Jumamosi ile nilikuwa na kazi hotelini. Iliyofuata nikajisikia kuumwa, na kweli niliumwa, nadhani ni kwa hofu. Nikaahidi nyingine. Niliweza kusimama mbele ya watu elfu nikiwa na gitaa, lakini kusimama mbele ya majirani zangu mikono mitupu kulinishinda... Nilimtumia mama vitenge. Nikamtumia redio. Siku moja nikajirekodi kwenye simu nikiomba radhi, tena kwa maneno mazuri, nikamtumia Koku awapigie wazee waisikilize. Ta Kaijage aliisikia nusu, akairudisha simu. Akasema msiba hauletwi na simu ukaondolewa na simu.

Mara moja nilijitahidi. Nilipanda gari hadi Muleba mjini, nikashuka, nikanunua soda ili nijipe moyo. Akatokea kijana wa kwetu Ngenge, muuza mbuzi, akanitambua. Akacheka huku akiwaita wenzake.

“Dedi! Safari hii umekuja kumzika nani?”

Walicheka watu watano, labda sita. Niliiacha soda mezani, nikapanda gari la kurudi Bukoba. Watu sita! Kwa ajili ya vicheko vya watu sita nilimwacha mama yangu anisubiri.

Maana alinisubiri. Hilo nililijua baadaye. Kila Jumamosi alioga mapema, akavaa gauni lake la kanisani, akatoa kiti nje. Aliacha kwenda kwenye sala za jumuiya kwa sababu watoto walikuwa wakimnong'ona. Waliokuwa wanamtembelea ni wale wanakwaya wa Kashai. Walikwenda kila baada ya miezi michache, wakamwimbia, wakamsaidia kuchuma kahawa. Mama aliwaita “watu wangu wa msiba”, na walicheka naye. Mimi nilikuwa Arusha, nilikuwa Mwanza, nilikuwa nafundisha vijana kupiga roki, nasifiwa redioni.

Koku alichoka nami. Simu ya mwisho tuliyogombana alilia kwa hasira, akaniambia kuna siku na wao wataniita kwa uongo kama nilivyowaita watu, nione utamu wake. Nikakata simu nikiwa nimeudhika. Eti mimi ndiye niliyeudhika!

Ulipita mwaka mmoja na miezi minne tangu siku ya Kosta. Jumatano moja asubuhi tulikuwa mazoezini hapa Bukoba. Koku akapiga. Sauti yake ilikuwa ya chini, haina kilio.

“Dedi, mama ametutoka.”

Wasomaji, nikisema nililia nitawadanganya tena, basi acha niseme ukweli. Nilicheka. Nilimwambia, “Koku, mmeamua kunilipizia? Waambie wazee nitakuja Jumamosi.” Nikamsikia anavuta pumzi kama anayetaka kusema kitu. Nikakata.

Akapiga tena mara tatu, sikupokea. Ta Kaijage akapiga, nikasema moyoni, hao, wamepanga wote! Niliwasimulia wenzangu wa bendi wakacheka. Tukaendelea na mazoezi. Siku hiyo na siku iliyofuata nilikula, nililala, nilipiga gitaa. Hakuna sauti yoyote iliyonijia moyoni kuniambia kitu, kama wanavyodai watu wengine.

Ijumaa mchana mlango wa chumba cha mazoezi ukafunguliwa, akaingia Mwalimu Projestus. Suruali yake bado ilikuwa na udongo mwekundu magotini.

“Kumbe uko hapa,” akasema. “Sisi tumerudi jana jioni kutoka kuzika. Walikungoja hadi saa kumi.”

Gitaa lilikuwa shingoni mwangu. Sikumbuki nililivua vipi.

Nilifika Ngenge jioni ile, jua bado lipo. Watu wa matanga walikuwa wamekaa kwenye nyasi zilizotandazwa, mbele ya nyumba yetu. Nilipofika pale njia inapoingia kibanjani nikaanza kulia kwa sauti, maana ndivyo anavyofika mfiwa. Mawe weee! Na desturi yetu ni kwamba ukifika unalia, waliopo huinuka wakakupokea kwa kilio, mkalia pamoja. Ndiyo namna ya kumbeba mtu.

Hakuinuka mtu.

Nililia peke yangu kutoka barabarani hadi uwanjani. Njia ile si ndefu, lakini sijawahi kutembea njia ndefu kama ile! Walinitazama tu. Koku alikuwa amekaa karibu na mlango, amefunga kitambaa kichwani, akainamisha uso. Nilipofika katikati ya uwanja nikasimama. Ta Kaijage akaniuliza bila ukali wowote, kama mtu anayetaka kujua kweli.

“Unaulilia msiba huu, mwanangu, au ule wa kwanza?”

Nilipiga magoti kwenye nyasi. Nikasema. Nilisema kwamba mwaka jana nilidanganya, mama yangu hakuwa amekufa, alikuwa hai anaanika buni. Nilisema kwamba nilifanya hivyo kwa sababu ya onyesho la gitaa. Nilitaja Kosta, nilitaja kwaya, niliwaomba radhi waliotupa majembe. Maneno yote yaliyonishinda mwaka na miezi minne yalichukua dakika chache, nadhani hazikufika tano. Na hakucheka hata mmoja, wasomaji wangu. Yule muuza mbuzi aliyenicheka Muleba alikuwepo, naye alikuwa analia.

Nilipomaliza, Ta Kaijage alisema, “Basi, umeondoka.” Akamaanisha ule msiba wa kwanza. Wanawake wakanipa maji ya kunywa. Lakini kaburi lilikuwa hatua kumi kutoka pale, chini ya migomba, udongo haujakauka, na mtu aliyetakiwa kuyasikia maneno yale alikuwa ndani yake.

Koku aliniambia jambo moja tu, kisha hajanisemesha hadi leo. Jumamosi ya mwisho mama hakuweza kutembea. Aliomba wamvalishe gauni la kanisani, wamtoe nje kwa kumshika. Jua lilipozama Koku akataka kumrudisha ndani. Mama akamwambia wangoje kidogo, pengine gari la Dedi limeharibika njiani. Alinitafutia uongo mwenyewe, ili nisionekane mbaya kwa dada yangu.

Sasa ni miezi saba. Bendi bado ipo, nami napiga, maana sijui kazi nyingine. Jumapili nakwenda kanisani nakaa nyuma. Niliomba kurudi kwenye kwaya, Mwalimu akaniambia tutaona, nami simharakishi. Koku nikimpigia hapokei. Nitamlaumuje? Mimi ndiye niliyewafundisha watu kwamba simu inaweza kumuua mtu aliye hai, na nilipopigiwa ya kweli nikaikata.

Ndugu yangu unayesoma, labda hukumzika mama yako akiwa hai. Labda ulisema uongo mdogo tu, na kuna mahali watu wanakungoja ukauondoe, nawe unajiambia Jumamosi... Jumamosi... Nakuomba kwa jina la Mungu, usifuate njia yangu! Usitafute maneno mazuri, usitume vitenge. Nenda leo hii na aibu yako hivyo hivyo. Watakucheka, sikufichi, watacheka sana. Lakini watacheka siku moja, kesho yake watarudi mashambani kwao, na mama yako atakuwa amekusikia.